Anayebaki chini

Simu ikitoka kwa kampuni inayotaka watu wake wafundishwe nasele, maswali huwa mawili: unafundisha wangapi kwa mara moja, na karatasi zinatoka lini. La tatu, bila shaka, ni bei. Hakuna anayeuliza: na yule atakayebaki chini, naye tumlete? Hapa Lubumbashi tumeshajua kumfundisha mtu apande. Kumshusha ndiko bado.

Kwa msomaji asiye wa mambo ya shantie, yaani mahali pa ujenzi: nasele ni ile mashini yenye kikapu cha chuma ambamo mtu husimama, akainuliwa mpaka kwenye paa, taa au bomba, akafanya kazi yake, akashuka. Ziko za mkasi, zinazopanda wima tu kwa vyuma vinavyopishana. Ziko za mkono, ambazo mkono wake unanyooka, unapita juu ya ukuta au tangi na kumweka mtu mbali kabisa na magurudumu. Usidhani ni tofauti ya umbo tu. Kwenye ya mkasi, uzito wa kikapu unabaki ndani ya eneo la magurudumu. Kwenye ya mkono, uzito unaweza kutoka nje. IPAF, shirika la kimataifa la mashini hizi lililoanzishwa mwaka 1983, limezigawa kwa msingi huo huo: herufi a kwa zile za kwanza, b kwa za pili, na namba 3 mbele ikiwa mashini inaweza kutembea hali imeinuliwa, dereva akiiongoza kutoka kikapuni. Ndiyo ile 3a na 3b unayoiona kwenye kadi. Wafaransa, ambao karatasi zao tumezizoea kwa sababu ya lugha, wana cheti chao cha kuendesha, CACES R486, iliyoanza tarehe 1 Januari 2020 badala ya R386, nayo inazigawa A na B. Kadi zote mbili zinadumu miaka 5. Kijana mwenye 3a akipewa mashini ya mkono, mbele ya mkaguzi makini ni sawa na mtu asiye na kadi. Wakaguzi makini wapo, ila hawafiki kila mahali.

Mji wetu umeishi na kazi za juu tangu mwanzo. Shaba ya kwanza ilimwagwa hapa mwaka 1911, na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, pale kando ya mlima mweusi wa mabaki, bado ndilo kitambulisho cha mji. Hata nasele ya kujiendesha iliyo ndefu kuliko karibu zote, inayofikisha kikapu mita 56 hivi, haiwezi kufika nusu ya bomba lile. Wazee walipanda kwa ngazi na kwa vyuma vya kufunga, wakashuka kwa miguu yao. Nasele zilikuja kwa wingi baadaye, baada ya sheria ya madini ya 2002 kufungua mlango kwa makampuni mapya. Nyingi zinaingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zimeteremshwa Durban au Dar es Salaam, na sehemu kubwa zimeshafanya kazi kwingine. Kitabu cha maelezo, kama hakijapotea, kiko kwa Kiingereza au Kichina. Michoro iliyobandikwa kando ya vitasa vya kuendeshea imefutika kwa jua na mafuta. Kwa hiyo vijana walijifunza kama tulivyojifunza vitu vingi: simama karibu na anayejua, angalia mikono yake, siku akiumwa malaria wewe unapanda.

Siwadharau waliojifunza hivyo. Mikono yao ni mizuri. Kijana aliyezoea mashini ya kunyanyulia mizigo nikimpa nasele, baada ya muda mfupi ananiwekea kikapu sentimita chache kutoka kwenye alama niliyochora ukutani. Ndiyo maana sipotezi muda mwingi kwenye vitasa. Mtu akifa kwenye mashini hizi, mara nyingi si kwa sababu hakujua kitasa kipi kinafanya nini. Mashini inapinduka, au anarushwa nje ya kikapu, au anabanwa kati ya chuma cha kikapu na boriti ya juu, au anagusa waya wa umeme. Ukiyatazama yote manne utakuta kwamba yule aliye chini, kama angekuwepo na angejua la kufanya, alikuwa na nafasi ya kuona kabla au kusaidia baada.

Chukua ardhi. Sisi tunakaa juu ya udongo mwekundu ambao mwezi wa nane unakuwa mgumu kama saruji, na mwezi wa kumi na mbili, mahali pale pale, unameza gurudumu. Tena hii ni nchi ya vichuguu vikubwa. Watu wanachimba udongo wake kutengeneza matofali, shimo linabaki, mwaka unaofuata linajazwa takataka na mchanga, kisha anakuja mtu na mpango wa kujenga hanga hapo. Ukiongeza mashimo ya vyoo vya zamani na mitaro ya mabomba iliyofukiwa haraka haraka, utaelewa kwa nini siku ya kwanza wanafunzi wangu wanatembea tu. Wanalalamika. "Papa, tulikuja kupanda, tuko tunatembea!" Nawaacha walalamike, tunaendelea kutembea, kila mmoja na chuma cha mita moja mkononi anachomachoma.

Nasele ya mkono ya mita 20 inaweza kuwa na tani 10 na zaidi. Ukiinyoosha kando, uzito ule haugawanyiki tena sawasawa: gurudumu moja linaweza kubeba sehemu kubwa peke yake. Kuna king'ora kinacholia mashini ikiinama kupita kiasi, na watu wanakiamini kupita kiasi. King'ora kinapima mashini imeinama digrii ngapi. Ardhi iliyo chini ya gurudumu ina nguvu gani, hakijui. Kwenye za mkasi ndogo za ndani, mpaka wenyewe ni mdogo sana, kama digrii 1.5 au 2 kwa upande, kwa hiyo kikilia jua umeshatumia nafasi yako yote. Na dereva aliye mita 15 juu hawezi kuona ufa wa udongo unaofunguka nyuma ya gurudumu lake. Nani atauona?

Gurudumu likitumbukia kwenye shimo dogo tu wakati mkono umenyooka, kule mwisho wa mkono kile kidogo kinakuwa kikubwa. Kikapu kinateremka ghafla kisha kinarudi juu kwa nguvu, na mtu anarushwa kama jiwe la manati. Kwa sababu hiyo kwenye nasele ya mkono tunafunga mkanda wa mwili mzima na kamba fupi, kwenye pete ya kikapu chenyewe. Usiifunge kwenye jengo, maana mashini ikisogea itakukokota. Kamba iwe fupi kiasi kwamba mtu hawezi kutoka kikapuni. Ile ndefu yenye kifyonza mshtuko, ambayo watu wanaipenda kwa sababu inawaacha wageuke vizuri, inamruhusu aning'inie nje. Na mtu aliyening'inia kwenye mkanda hana muda mrefu. Damu inabaki miguuni, anaweza kuzimia. Hapo tena tunarudi kwa yule wa chini.

Upepo nitaupitia haraka, maana wenyewe wanaujua kuliko mimi, hasa ule wa mwezi wa nane na wa tisa unaopeperusha vumbi la migodi. Mashini nyingi za nje mwisho wake ni mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa. Zile zilizoandikwa za ndani tu mwisho wake ni sifuri, na ndizo ninazoziona nje zikipaka rangi kuta za maduka. Bati moja la paa mkononi mwa mtu aliye juu ni tanga la mtumbwi. Basi.

Umeme unahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa kuna tabia ya kwetu ambayo sijaikuta kwenye kitabu chochote cha Ulaya. Tumezoea kukatiwa. Umeme ukikatika, mtu anatazama nyaya za SNEL, kampuni ya umeme ya Kongo, zilizopita juu ya karakana anasema moyoni: leo ni kamba tu hizo. Anaweka kikapu chini yake, anafanya kazi. Hakuna aliyempigia simu kumwambia saa ngapi utarudi, kwa sababu huwa haturudishiwi kwa kuambiwa. Na hata laini ikiwa imekatwa, jenereta la jirani lililounganishwa vibaya linaweza kuitia umeme kutoka upande wa pili. Kanuni ninayofundisha nimeichukua kwa Wafaransa kwa sababu ni rahisi kuikumbuka: usikaribie chini ya mita 3 kwa nyaya zilizo chini ya volti 50,000, mita 5 kwa zilizo juu ya hapo, na huko kwenye njia za migodi zile kubwa zipo. Waya usioujua, uhesabu kuwa una umeme, mpaka mwenye laini aukate na athibitishe kwa maandishi. Nasele za kawaida hazina kinga ya umeme. Kikapu kikigusa waya, aliye juu anaweza kuwa hai, na rafiki yake wa chini akakimbia kushika mashini ili amwokoe, naye akawa wa kwanza kufa. Zoezi langu la hapo ni la kuzuia mikono: nasema "Imegusa!", na anayeshika chuma anakaa nje kipindi kizima. Karibu wote wanashika. Moyo wa kusaidia unatangulia akili, na sijui kama ningependa vijana wasio na moyo huo.

Sasa ufunguo.

Kila nasele ina sehemu mbili za kuiongozea: kikapuni na chini kwenye mwili wa mashini. Chini pale kuna ufunguo wa kuchagua nani anaongoza. Ukigeuzwa upande wa kikapu, aliye juu anaendesha; ukigeuzwa upande wa chini, aliye chini anachukua mamlaka yote na anaweza kumshusha mwenzake. Kwa hiyo mtu akiwa juu, ufunguo unabaki pale pale kwenye mashini. Kwenye shantie moja nje ya mji, ambayo nilikuwa nimeitwa kutazama watu kabla ya kuwafundisha, nilikuta masudere wawili juu kabisa wakichomelea bomba, na tundu la ufunguo tupu.

Nikamuuliza kijana aliyekaa kivulini pembeni: "Ufunguo uko wapi?"

"Shefu alienda nayo mu biro."

"Juu ya nini?"

"Batu banaiba, papa. Banachezea mashini usiku."

"Na hawa wakizimia kwa joto, watashuka namna gani?"

Akatazama juu, akacheka kidogo, akasema: "Batashuka. Banajua kushuka."

Kijana yule hakuwa mjinga. Alikuwa ameambiwa abebe vyuma na alete maji, na alikuwa anafanya hivyo vizuri. Hakuna aliyemwonyesha kwamba chini ya kile kifuniko cha plastiki kuna pampu ya dharura ya kushushia mkono wa mashini mota ikizimika, wala kwamba kwenye zile za mkasi, upande wa nyuma, mara nyingi kuna kishikio kidogo chekundu cha kuvuta kinachofungua mafuta na kuzishusha taratibu hata betri ikifa. Na shefu naye alikuwa na hoja: mashini zinachezewa kweli, mafuta yanafyonzwa kweli. Alikuwa anatatua shida ya saa 4 usiku kwa kuleta nyingine saa 4 asubuhi. Nilimwambia aweke kufuli usiku na ufunguo uachwe mchana. Alikubali haraka mno, na nikajua nikitoka tu getini utarudi mfukoni.

Tangu hapo zoezi langu kubwa ni hili. Namweka mtu juu, si juu sana, mita 5 au 6. Tumepanga naye kabla. Katikati ya kazi analegea, anajilaza kwenye chuma cha kikapu, hajibu. Mimi sisemi kitu. Naangalia wa chini.

Kwanza wanamwita jina. Kisha wanamwita jina kwa sauti kubwa. Kisha mmoja anaanza kupanda kwa kushika mkono wa mashini, na huyo namvuta suruali. Mwingine anapiga simu, sijui kwa nani. Wanafungua kifuniko kisicho chenyewe, cha betri. Wakipata kile chenyewe, wanabonyeza bila kutazama kikapu kinaelekea wapi, na kama mwenzao kweli angekuwa amebanwa chini ya boriti, wangemmalizia. Hilo la mwisho ndilo linachukua muda kufundika. Mtu aliyebanwa huwezi kumshusha tu. Lazima utazame kwanza nini kimembana, urudishe mwendo uliombana, kidogo kidogo, mwingine akisimama pembeni anaona na kukuelekeza kwa mkono. Watu wawili chini, kumbe. Mmoja haonekani kutosha, ila nani atalipia wawili?

Aliyenifurahisha kuliko wote kwenye zoezi hili alikuwa mama mmoja aliyeletwa kama mtu wa usafi. Kampuni ilimwandika kwenye orodha kujaza namba. Wanaume wakaanza kelele, yeye akazunguka mashini yote mara moja, akiinama anasoma, akageuza ufunguo, akasema "Mutoke pale", akamshusha yule mtu polepole mpaka chini. Nilimuuliza alijulia wapi. "Asubuhi wakati ulikuwa unaonyesha, beengine balikuwa banapiga picha." Shefu wake alipoambiwa alicheka, akasema mama atakuwa dereva. Mama akakataa. Alisema urefu unamzungusha kichwa. Basi abaki chini, nikasema, huko ndiko tunamhitaji. Shefu hakuona kama hiyo ni kazi.

Na hapa ndipo ninapokwama na wakubwa. IPAF wana somo zima la wasimamizi, la watu wasioshika kitasa hata kimoja: jinsi ya kuchagua mashini, kupanga kazi, kuandaa uokoaji kabla mtu hajapanda. Ufaransa, kadi peke yake haikupi ruhusa ya kuendesha. Ruhusa inatolewa na mwajiri kwa maandishi, baada ya daktari, baada ya kuhakikisha unaijua mashini ile na shantie ile. Maana yake mwajiri anaweka sahihi yake. Kwetu kadi imekuwa kama ngao ya mwajiri: ajali ikitokea, anaitoa droo, anasema mtu wangu alifundishwa. Nimeona pia kadi za watu ambao hawajawahi kukanyaga kikapu. Zilikuwa na picha nzuri, zimefunikwa kwa plastiki, tena zinang'aa kuliko zangu.

Na kuna jambo la wafanyakazi wa siku. Dereva ana mkataba, jina lake liko CNSS, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, ameandikwa. Yule wa chini anaokotwa getini asubuhi. Leo ni huyu, kesho ni mwingine. Nikimfundisha leo, kesho hayupo, na mashefu wananiambia hilo kama sababu ya kutomleta. Mimi naona ni sababu ya kumwandika. Mtu ambaye maisha ya mwingine yako mkononi mwake kuanzia saa 1 asubuhi hawezi kuwa yeyote aliyetangulia getini.

Wapo wanaobadilika, wala si kwa maneno yangu. Mteja mmoja wa kazi za mapaa alipanda mwenyewe kwenye zoezi, kwa sababu alitaka picha ya kuweka kwenye simu yake. Nikamwomba abaki juu kidogo, nikawaambia vijana wake: shefu amezimia, mshusheni. Walihangaika. Alikaa kule juu kwenye jua la mwezi wa kumi akiwatazama wanavyofungua kifuniko cha betri. Hakusema kitu aliposhuka, ila wiki iliyofuata alipiga simu kuuliza bei ya watu wa chini, wanne, wale wale, kila baada ya miezi sita.

Akauliza kama nao watapata kadi. Nikamwambia kadi ya kimataifa ya mtu wa chini mimi sina, ila naweza kumpa karatasi: jina, mashini aliyofanyia zoezi, tarehe, na sahihi ya yule aliyeshushwa. Akasema mkaguzi wa kampuni kubwa anayompa kazi hataitambua. Ni kweli, hataitambua. Tumekubaliana nimpelekee mfano wake Jumatatu. Kwenye bei bado tunavutana. Anataka wa chini walipiwe nusu ya wa juu.